Kisogo Kwenye Ngazi ya Chuma

Maiti ilikuwa chali chini ya ngazi ya chuma, kiatu kimoja kimebaki kwenye kipandio cha saba. Alikuwa Meneja, mwenye kile kiwanda cha nguo kilichokufa zamani, ambacho kila msimu wa baridi alikigeuza ukumbi wa disko. Vijana walimiminika humo kutoka kila kona ya mji, na jana walikuwa wamefunga msimu. Asubuhi hii zilibaki takataka za vikombe na harufu ya jasho la watu waliokwisha kwenda zao.

"Kisogo kimepasuka," alisema daktari wa polisi. "Anayejikwaa akishuka huanguka kifudifudi. Huyu alikuwa anatazamana na mtu."

Koti la marehemu lilikuwa limefumuka mshono begani. Inspekta aliutazama mshono ule, akaguna. Maiti kabla ya chai zilimharibia siku.

Waliobaki ndani mpaka alfajiri walikuwa wawili tu. Dijei aliapa kwamba alikuwa akikunja nyaya zake, tena ana furaha, maana Meneja alishamwahidi kazi msimu ujao. Wa pili alikuwa Bibi wa Makoti, mfumaji wa zamani wa kiwanda hichohicho, ambaye sasa aliwatunzia wachezaji makoti yao.

"Meneja alikuwa na adui, mama?" Inspekta alimuuliza.

Bibi alijibu huku amemkazia macho mdomoni. "Sijui. Ila anayetaka kubomoa mahali kama hapa, mwanangu, nani atampenda?"

Kubomoa? Dijei hakuwa na habari hiyo, wala walinzi wa mlangoni. Simu ya marehemu ilionyesha kwamba saa tisa usiku alimpigia mnunuzi mmoja wa viwanja. Mnunuzi alipoulizwa alikiri: ndipo walipokubaliana jengo livunjwe mwezi ujao, na Meneja akaomba iwe siri. Alizungumza kutoka ofisi ya vioo iliyo juu, mlango umefungwa, besi inatetemesha mpaka meno. Shetani mwenyewe asingesikia neno.

Bibi alikuwa anaondoka. Sajini akamwita kutoka nyuma arudi aketi. Hakugeuka. Akamwita tena kwa sauti kubwa. Wapi.

Inspekta alizitazama mashine kuukuu za kufumia zilizosukumwa ukutani. Mama yake mdogo aliwahi kufanya kazi kwenye kiwanda kama hiki. Kelele ziliwaua masikio wote, wakazoea kupiga soga kwa kusomana midomo, kutoka mwisho huu wa ukumbi hadi ule.

Akaagiza Bibi aketishwe pale chini. Yeye akapanda ofisini na sajini, akafunga mlango, akasimama karibu na kioo.

"Mtie dijei pingu," alinong'ona. "Ndiye muuaji."

Kule chini Bibi aliinuka, akapunga mikono yote miwili.

Walipomfikia alikuwa analia. "Mwacheni kijana wa watu. Ni mimi."

Alieleza yote bila kuficha. Nyumbani wajukuu walishachoka kumrudia maneno. Mezani alikaa kama kabati. Lakini humu muziki ukianza, wote mia tano wanakuwa viziwi kama yeye.

"Wanasemezana kwa macho na mikono, kama sisi zamani. Anayetongoza, anayeachwa, wote nawasikia mimi peke yangu. Na sakafu inatetemeka kana kwamba mashine zimerudi kazini. Miezi mitatu kwa mwaka, mwanangu. Ndiyo ninayoishi."

"Ulimwomba asiuze?"

"Nilimfuata kwenye ngazi. Akanigeuzia kisogo, akawa anashuka huku anasema. Nikamvuta bega ageuke niuone mdomo. Akageuka."

"Akasemaje?"

"'Kizee kiziwi, muziki unautakia nini?' Nikamsukuma."

Sajini alisimama nyuma ya Bibi na kuanza kumsomea haki zake. Inspekta akamsogeza kando. Alivuta kiti, akaketi uso kwa uso na yule mama, akaanza upya, polepole, neno baada ya neno.

"Una haki ya kukaa kimya."

Bibi aliitikia kwa kichwa kwamba amesikia.