Jivu Mlangoni kwa Phoebe

Haya yalimpata rafiki yangu Swaibu, mkata miwa wa Mayoni, mwaka wa tisini na sita.

Jirani yake Osundwa alingojea trekta ya kiwanda cha sukari ije kubeba miwa yake miaka mitatu, miwa ikikauka, watoto wakikonda. Mdogo wake Makokha akaichoma kwa siri, kwa kuwa miwa iliyoungua huchukuliwa haraka. Trekta haikuja.

“Kaka, nilitaka kukusaidia,” Makokha alisema.

Osundwa alimkata kwa panga, mara moja tu, kisha akampakata akilia hadi polisi walipofika. Kijiji kizima kilimwelewa. Hakuna aliyeweza kumtetea.

Baada ya mazishi, Phoebe, mke wa Osundwa, alimwita Swaibu aje kukata miwa hiyo iliyoungua. Alifika alasiri, mawingu yakilitia shamba giza.

“Shemeji, pumzika sasa,” Phoebe alimwambia mlangoni. “Unakata tangu asubuhi bila hata chai!”

“Ndiyo kwanza nafika, shemeji.”

Wakasikiliza. Ndani ya miwa panga lilikuwa likikata, cha, cha, cha. Kisha likanyamaza.

Hakutoka mtu. Ila kwenye uwanja uliofagiwa zilianza kutokea nyayo za jivu, moja baada ya nyingine, zikija. Mbili za mwisho zilitulia kizingitini, vidole vikielekea ndani.