Mbishi na Beseni la Maji ya Moto

Kila jioni baada ya shule, Mbishi alifagia nywele sakafuni katika saluni ya mama yake, akafuta kioo, kisha akavuta kigoda nyuma ya mteja. Jina hilo la utani alipewa na shangazi yake, kwa sababu hata akiambiwa jua linawaka, lazima atoke nje kuhakikisha. Lakini kusuka alikujua. Mama akisuka upande wa kulia, yeye alisuka wa kushoto, na hakuna mteja aliyeweza kutambua mistari ya mtoto.

Siku moja kioo kilianguka. Mbishi alijaribu kukidaka, kipande kikamkata kifundo cha mkono wa kushoto. Hospitalini, daktari alishona jeraha pamoja na mshipa wa fahamu uliokatika, ule unaopeleka habari kutoka vidoleni hadi kwenye ubongo. Jeraha lilifunga, ila vidole vilibaki na ganzi. Daktari akamwandikia vidonge vya kila siku na mazoezi ya vidole.

"Kusuka basi tena, mwanangu," alisema muuza viatu, jirani yao na mteja wa siku nyingi. "Mkono ukishakufa, umekufa. Tafuta kazi nyingine."

"Mkono wangu haujafa," Mbishi akajibu. "Mimi sikubali."

Na kweli hakukubali. Alifunga nyuzi kwenye mguu wa kiti, akawa anasuka na kufumua, anasuka na kufumua. Wiki zikapita, ndipo vidole vikaanza kumchomachoma kama vinatembewa na siafu.

"Ni hivyo vidonge," muuza viatu akamnong'oneza. "Vinakuunguza ndani kwa ndani. Achana navyo."

Safari hii Mbishi hakubisha hata kidogo. Alivitema chooni kila siku, na mama alipouliza, alijibu kwamba amemeza.

Jumamosi moja walimaliza kumsuka bibi harusi. Ilibaki kuchovya ncha za rasta kwenye maji ya moto ili zitulie.

"Ngoja niyapime," mama akasema.

"Niache mama, mimi si mgonjwa!" Mbishi akatumbukiza mkono wa kushoto kwenye beseni. "Vuguvugu tu."

Mama aliona mvuke. Akaukamata ule mkono na kuutoa, umekuwa mwekundu, lengelenge limeanza kutunga. Akaushikilia chini ya maji baridi ya bomba kwa muda mrefu.

"Ungemmwagia mtu shingoni je?" aliuliza. Machozi yakamtoka Mbishi.

Hospitalini, daktari aliuliza kuhusu vidonge. Mbishi alimtazama mama yake, akasema kweli yote.

"Mimi nikitaka viatu, naenda kwa muuza viatu," daktari akasema. "Dawa ikikusumbua, njoo kwangu. Huko kuchomachoma huenda ni mshipa unaanza kuamka, na wewe ndipo ukaunyima msaada. Dawa haifanyi kazi peke yake, inasaidia tu. Mshipa hukua polepole. Hata nywele zako huzioni zikikua, ila zinakua. Na mpaka hapo, mkono usiohisi unalindwa na macho."

"Nitasuka tena?"

"Siwezi kukuahidi, binti yangu."

"Basi nitajiahidi mwenyewe," Mbishi akasema, akaomba maji, akameza kidonge mbele yao wote wawili.

Kuanzia siku hiyo alimeza dawa huku mama akimwona, na kila kitu cha moto alikipima kwa mkono wa kulia. Shule zilifungwa, zikafunguliwa, zikafungwa tena. Muuza viatu aliendelea kutikisa kichwa, na Mbishi aliendelea kusuka zile nyuzi zake.

Asubuhi moja alikuwa akiosha vikombe vya chai. Tone la maji ya moto kutoka kwenye birika likamrukia kidole cha kushoto.

"Inachoma!" alipiga kelele. "Mama, inachoma!"

Mama alikuja mbio na kumkuta binti yake akicheza jikoni, kidole juu. Wakakumbatiana, wakacheka hadi wakalia.

Wiki chache baadaye muuza viatu alikaa kitini, Mbishi akavuta kigoda chake. Vidole vya kushoto vilikuwa bado vizito, na alikwenda taratibu, lakini mstari ulinyooka.

"Kumbe ubishi nao una faida," muuza viatu akasema, akijitazama kwenye kioo kipya.

"Una faida ukijua wa kubishana naye," mama akajibu. "Mwanangu, bishana na maradhi mpaka yachoke. Usibishane na dawa, na usimdanganye anayekuuguza."

"Sawa, mama," Mbishi akasema. "Jirani, inamisha kichwa. Mkono uliokufa unataka kumalizia kisogoni."