Mwenyekiti wa Tangi la Maji

Kila asubuhi Mwanakheir alipandisha ndoo sita za maji hadi ghorofa ya tatu. Nyumba yao ya Mji Mkongwe ilikuwa na familia tisa, tangi moja na pampu moja. Pampu iliharibika miezi mitatu iliyopita.

Mwenyekiti wa kamati ya maji alikuwa Bwana Hamoud. Alishika nafasi hiyo miaka kumi na minane, kwa sababu babu yake ndiye aliyeijenga nyumba. Lakini pampu yenyewe ilipo, alikuwa hapajui.

Siku ya uchaguzi wa mwenyekiti alikaa kwenye kiti cha mbele kabla hajakaribishwa.

"Anayemtaka Bwana Hamoud anyooshe mkono," alisema Makungu, mume wa Mwanakheir. Akanyoosha wake kwanza. Mikono mingine ikafuata.

Mwanakheir akamnong'oneza, "Jana ulisema hafai."

"Nilisema. Lakini baba yangu alilima shamba la kwao. Ntamkataa vipi usoni?"

Mwalimu Tahiya, jirani yao, aliwasikia. Akasimama.

"Shamba ni mambo ya zamani," alisema. "Hapa kila mtu mzima ana kura moja, sawa na mwenzake. Tuandike jina kwenye karatasi, tuikunje. Kura ya siri haimuonei mtu haya. Mimi nampendekeza Mwanakheir. Yeye keshamtafuta fundi."

"Sina pingamizi," alisema Bwana Hamoud, akitabasamu. "Wananijua."

Karatasi zikahesabiwa. Mwanakheir alipata kura kumi na saba. Bwana Hamoud alipata moja.

Bwana Hamoud akamgeukia mkewe, Bi Shariffa.

"Usinitazame mimi," alisema Bi Shariffa. "Hiyo moja ni yako mwenyewe. Ndoo nnapandisha mimi."

Wiki ile ile fundi alikuja. Maji yakapanda hadi juu.

Mkutano uliofuata, Mwanakheir alieleza kazi yote iliyofanyika. Bwana Hamoud akanyoosha mkono, akasubiri zamu yake.

"Nataka tupewe maelezo kama haya kila mwezi," alisema.

"Vizuri," alisema Makungu. "Mbona wewe hukutupa hata mara moja?"

Bwana Hamoud akamjibu.

"Hamkuniuliza."

Makungu akatazama chini, maana ilikuwa kweli.

Mwezi uliofuata Makungu alikuja na maswali manne kwenye karatasi. Aliyauliza yote, kwa sauti, mbele ya watu. Na mwenyekiti akayajibu yote, ingawa muulizaji alikuwa mumewe.