Sauti ya Marehemu Ulingoni

Mtu mwenye begi jekundu aliruka ngazi tatu kwa mpigo.

Sindano alimfuata. Raba zake hazikutoa mlio. Bastola ya Beretta mkononi, kidole nje ya kifyatulio.

Ghorofa ya tatu. Ya nne. Mlango ukabamizwa.

"Sindano, Mkuu hapa," redio ilikoroma sikioni. "Umempata?"

"Amejifungia."

"Tunamtaka yeye na kompyuta yake. Fanya haraka, malori yameshaanza kupanga foleni getini."

Sindano alikabidhiwa kazi hiyo asubuhi ileile. Kulikuwa na mchezo wa watoto kwenye Ulingo, jukwaa la mtandaoni ambako yeyote hutengeneza mchezo wake na kuupandisha ili wengine wacheze. Faili la idara yao ya upelelezi liliutaja kwa namba tu. Ndani yake mlikuwa na kirusi. Binti wa ofisa forodha aliucheza kwa simu ya baba yake, iliyounganishwa na mitambo ya geti, na tangu hapo genge la magendo likawa linafungua geti la bandari kwa mbali, kupitia mchezo huo. Leo lilitaka kupitisha kontena la bunduki. Lipi kati ya mamia, hakuna aliyejua.

Alipiga teke kitasa. Mlango ukaachia.

Yule mtu aligeuka, mikono juu. Kofia ikamdondoka.

Sindano alishusha bastola.

Alikuwa shemeji yake. Mdogo wa marehemu mumewe.

"Shemeji?" Mwanamume akashusha mikono. "Kumbe ni wewe unayenikimbiza?"

"Unafanya nini hapa?"

"Ndipo nilipopanga. Kuna watu wananipigia tangu jana. Wanasema nikiugusa mchezo wataniua. Nikadhani wewe ni mmoja wao."

"Mchezo gani?"

Akasogea pembeni.

Kwenye kioo kulikuwa na stesheni ya treni yenye mabenchi ya njano. Sindano aliyajua mabenchi yale. Mumewe aliyachora akiwa hoi kitandani, kompyuta juu ya mapaja, akikataa kuzimiwa taa.

"Karibuni abiria," spika ikasema. "Msisukumane, nafasi zipo."

Ilikuwa sauti yake. Na kile kikohozi kifupi alichogoma kukikata kwenye rekodi.

Sindano alishika ukingo wa meza.

"Huu ni wake. Umeufanya nini?"

"Ulingo walibadilisha mitambo yao, mchezo ukagoma. Mama alikuwa anaufungua kila asubuhi amsikie mwanawe. Ulipogoma akaacha kula." Alijifuta jasho. "Mimi si fundi kama kaka. Nikakuta nakala yake kwenye tovuti ya wezi wa michezo, imesharekebishwa. Nikaipandisha kwenye akaunti yake, juu ya ile ya zamani. Niliona narudisha cha kwetu."

"Hukuangalia wameweka nini ndani?"

"Ningeangalia nini, shemeji? Ilikuwa inafunguka. Mama alicheka siku ile."

Redio ikakoroma. "Sindano, malori yanasogea. Futa akaunti."

"Mkuu, nipe muda kidogo. Nitoe sauti kwanza."

"Haiwezekani. Kirusi kimefichwa kwenye faili za sauti zenyewe. Ukizihifadhi, umekihifadhi nacho."

"Ni mume wangu, Mkuu."

Redio ikakoroma tena. Sauti ya Mkuu ilikuwa imeshuka.

"Sikujua. Pole sana, mwanangu. Futa."

Shemeji alikuwa amekaa sakafuni, kichwa katikati ya magoti. "Hakuna nyingine," alisema. "Nimetafuta kote. Ile ya kwanza niliifuta mwenyewe nilipoweka hii."

"Nenosiri?"

"Tarehe ya harusi yenu."

Sindano aliiandika. Mkono ulishafundishwa kutii amri kwa miaka mingi.

"Karibuni abiria," mumewe alisema.

Akabonyeza kitufe cha kufuta.

Kioo kikawa cheupe.

Haukupita muda. "Geti limegoma," Mkuu alisema. "Lori la bluu limekwama, dereva ameruka, vijana wamemdaka. Bunduki zimo. Wakubwa wake tumewatoa kwenye gari la nyuma. Kazi nzuri."

"Nimesikia."

Alitoa pingu. Shemeji akanyoosha mikono bila kuambiwa.

"Utawaambia sikujua?"

"Nitawaambia. Lakini ni wewe uliyeupandisha, na utalijibu hilo. Sina uwezo wa kukuepusha."

"Na mama?"

Sindano alimfunga pingu.

Chini, askari wawili walimpokea shemeji na kompyuta yake. Gari lilipoondoka, simu ya Sindano iliita. Mama mkwe.

"Mwanangu, hujambo? Ule mchezo umegoma tena. Mwambie shemeji yako apite anitengenezee."

"Leo hataweza, mama."

"Basi kesho. Mimi nitasubiri, sina haraka."

Sindano alitazama barabara. Watu walikuwa wakivuka, kila mtu na lake.

"Umekula, mama?"

"Nilikuwa nangoja kumsikia kwanza."

"Usingoje. Nakuja, tule pamoja."

Alikata simu. Akavaa helmeti, akateremsha kioo cheusi kabla mtu hajamwona uso. Kisha akaiwasha pikipiki yake ya Yamaha, akaingia barabarani.