Pumzi ya Pili ya Mzee Mulwa

Mashine iliandika asilimia mia moja na kumi na mbili. Nthoki, mpiga eksirei katika kliniki ndogo ya kifua kando ya Barabara ya Jogoo, alidhani ameiweka picha vibaya. Mwaka huo wa 1986 watafiti walikuwa wamewaletea kompyuta yenye kamera, ya kutazama picha za mapafu na kupima ni asilimia ngapi imeharibika. Lakini mtu ataharibikaje zaidi ya mapafu aliyo nayo?

Alijaribu picha ya mgonjwa mwingine. Arobaini. Akairudisha ile ya mzee Mulwa, mchonga vinyago wa mtaa wa Mbotela. Mia moja na kumi na tisa. Picha ni ileile, na hesabu imepanda.

Kisha akasikia mtu akihema nyuma yake, akageuka, hakuona mtu, na harufu ya mti uliopasuliwa sasa hivi ikajaa chumbani, nzito, ikamwingia kooni, huku ile pumzi ikivutwa na kushushwa, ikivutwa na kushushwa, karibu zaidi kila mara, hadi akachomoa waya ukutani na kukimbia.

Alifululiza hadi Mbotela. Mkewe Mulwa, Syombua, alimsikiliza bila kushangaa.

"Akilala nasikia pumzi mbili," alinong'ona. "Moja yake."

"Mama, mbona hukusema?"

"Nimwambie nani? Wenzangu wa kanisani?"

Wakamwita jirani yao, Maalim Muhidin. Alimtazama mgonjwa, akauliza dirisha linafunguka vipi.

"Limekwama tangu mvua," Syombua alisema.

"Basi mlango, ila lazima ufungwe nikisoma. Jini likitoka, msivute pumzi mpaka niufungue. Mmesikia? Hata kidogo."

Alisoma dua kwa muda mrefu. Mulwa alitulia, kisha akaongea kwa sauti ambayo mkewe hakuijua.

"Alikata mti niliokaa ndani yake. Akausugua kwa msasa, akanivuta puani pamoja na vumbi lake. Sikuja mwenyewe."

"Toka," Muhidin alisema.

"Niende wapi?"

"Popote, ila si kifuani mwa mtu."

Mulwa akajikunja, akakohoa kikohozi kimoja kirefu kilichoonekana hakitaisha, kisha akalala chali akipumua taratibu, mara ya kwanza baada ya miaka sita. Syombua aliziba pua na mdomo. Muhidin aliruka kwenye mlango, akavuta komeo. Likagoma. Akalivuta tena kwa mikono miwili, shingo imemvimba, na Nthoki akahisi kitu kikipita mbele ya uso wake, kikaenda kwa Syombua, kikarudi, kikasimama, chenye joto kama mtu anayetaka kumwambia siri, naye akajikaza, akahesabu, akamwomba Mungu wa mama yake, machozi yakimtiririka, kifua kikimwaka moto, macho hayabanduki kwenye ile mikono iliyokuwa ikihangaika na komeo.

Komeo likaachia. Mlango ukafunguka wazi, mwanga ukaingia.

Nthoki alikuwa ameshavuta pumzi.