Kadi Iliyoota Kope

Jioni ile tulitoka nyumbani Bombambili kwenda kununua kitu kimoja, na hela tuliyokuwa nayo ilitosha kitu kimoja. Laki mbili. Binti yangu Skolastika alizipata kwa kuwachapia watu barua na kazi za chuo.

Mimi ni mwalimu wa darasa la kwanza na la pili, mwaka wa thelathini na moja sasa. Mambo ya kompyuta siyajui. Nilichojua ni kwamba Skola alikwama mwaka wa pili wa uuguzi kwa kukosa ada, na kwamba kulikuwa na mashindano ya mpira wa kwenye kompyuta, yanachezwa kwa intaneti, mshindi anapata hela ya kutosha kumaliza chuo. Skola alikuwa ameingia fainali. Fainali ilikuwa Jumamosi. Na kompyuta yake ilikuwa inaganda kila mpira ukikaribia goli.

"Labda imechoka," nilimwambia njiani. "Ipumzishe."

"Mama, hii siyo darasa la kwanza. Haina kengele ya mapumziko."

Tulianzia kwa Abasi, fundi wa pale Majengo, mtu wa Tunduru, mpole na mkweli. Alitueleza taratibu, kama ninavyowaeleza watoto wangu.

"RAM, yaani kumbukumbu ya mashine, unayo ya kutosha, dada Skola. Ukiongeza RAM utakuwa umetupa hela. Pawasaplai yako, ile ya kugawa umeme, ni ndogo lakini inasukuma. Kinachokuangusha ni kadi ya picha. Hiyo ndiyo inayochora kila unachokiona. Weka kadi, ndogo ya feni moja, basi."

Lakini hakuwa nayo. Mzigo wake ungefika Jumatatu.

"Mkipata ya mtumba, inuseni kwanza," alituambia tukiwa tunaondoka. "Ikinuka kuungua, achaneni nayo."

Tukazunguka maduka mawili, matatu. Hakuna. Jua lilikuwa limeshazama tulipopita nyuma ya ghala la tumbaku, na pale ukutani tukamwona mzee ameketi mbele ya meza, ametandika gunia. Juu ya gunia kulikuwa na vitu vitatu: RAM, pawasaplai, na kadi ya picha. Feni moja.

Macho yake yalikuwa yamefumba. Hayakufumba kwa kupenda. Yaligandana kwa matongotongo, ya njano, mazito, yaliyokauka juu na kulowa chini. Nzi walikuwa wamejipanga kwenye kope. Nzi hulala giza likiingia.

Hawa hawakulala.

"Shikamoo, baba," alisema Skola.

Hakusema marahaba. Alisema, "Nimeipokea."

Nilitaka tuondoke. Lakini nimefundisha watoto miaka yote hiyo kwamba mgonjwa hakimbiwi, na Skola alikuwa tayari ameinama anaiangalia kadi.

"Hela yenu ni ya kimoja," alinong'ona mzee. Hatukuwa tumemwambia. "Unataka nini kiongezeke, binti?"

"Picha, baba. Nione vizuri."

"Wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe."

Skola akainusa kadi, kisha akanipa na mimi. Haikunuka kuungua. Ilinuka... sijui niseme nini. Ilinuka mto ambao foronya yake haijafuliwa mwaka mzima. Uso wa mtu aliyelala na homa. Tukatazamana. Tuliambiwa tuogope harufu ya kuungua, na harufu ya kuungua haikuwepo.

Nikairudisha mezani, nikahesabu zile noti, nikampa. Nilipotaka kuichukua kadi tena, mzee aliifunika kwa kiganja.

"Achukue mwenye macho."

Skola akanyoosha mkono mmoja. Na mimi, mwalimu, nikamkemea kwa upole kama ninavyowakemea wadogo.

"Mikono miwili, mwanangu. Mtu mzima huyo. Piga goti kidogo."

Akapiga goti. Akapokea kwa mikono miwili.

Mzee alicheka bila sauti. Alipocheka, ule ukoko wa machoni ukapasuka, na kitu kikamtiririka hadi mdomoni. Akakilamba.

"Umelelewa vizuri," akasema.

Nyumbani, Skola alisafisha meno ya kadi, ile sehemu inayochomekwa, kwa raba ya kufutia penseli, kama Abasi alivyomfundisha zamani. Raba ilitoka kwenye mkoba wangu. Mabaki ya raba huwa makavu. Haya yalikuwa ya kijivu, yana unyevu, yanajiviringa chini ya kidole kama nongo. Alisugua, zikatoka. Akasugua, zikatoka. Kilijaa kisahani kizima, na meno ya kadi bado hayajatakata.

"Ilikuwa chafu tu," alisema, akaichomeka.

Picha ilikuwa nzuri, siwezi kudanganya. Majani ya uwanja yalionekana moja moja. Jasho lilionekana kwenye shingo za wachezaji. Skola alipiga makofi kama mtoto, akashinda mechi nne za mazoezi mfululizo. Nililala nikimshukuru Mungu.

Asubuhi ya Ijumaa jicho lake la kulia halikufunguka.

Nilipasha maji, nikatia chumvi, nikachovya pamba. Matongotongo yalikuwa mengi kuliko ambayo jicho linaweza kutoa. Nilipovuta pamba, yakaja kwa uzi, yananyumbuka, hayakatiki. Nikavuta hadi usawa wa kifua changu ndipo yakakatika. Harufu ile ile ya mto.

"Ni vumbi, Mama," alisema. "Kesho fainali. Nikimaliza nitaenda hospitali."

Alienda kuoga. Nikaikaribia kompyuta. Ilikuwa imezimwa, lakini feni ya kadi ilikuwa inazunguka polepole, inasimama, inazunguka tena. Kama mtu anayepumua. Kwenye tundu za kasha kulikuwa na kitu cha njano kinaning'inia.

Nikafungua ubavu wa kasha.

Pembeni mwa feni, kuzunguka lile duara lote, kulikuwa na kope. Nyeusi, ndefu, zimelowa, zimepangika vizuri.

Zikapepesa.

Nilinyoosha kidole kimoja, sijui kwa nini, nikagusa katikati. Palikuwa pa moto na pa kuteleza.

"Mama!" Skola aliita kutoka bafuni. "Mama, nani ananitia kidole jichoni?"

Alikuja akiwa na khanga imelowa, jicho limekuwa jekundu. Nilimwonyesha. Alitazama, kisha akatapika pale pale, juu ya miguu yangu. Alipomaliza kutapika alinishika mkono.

"Usiitoe," alisema. "Siku moja tu, Mama. Kesho nicheze, tuitoe jioni."

"Na jicho?"

"Ninayo mawili."

Niliitoa. Ilitoka kwa ukinzani, kama plasta iliyogandamana na kidonda, na Skola alijikunja sakafuni ameziba uso. Nikakimbia nayo nje, nikaitupa kwenye shimo la choo. Ndivyo tunavyofanya huku kwetu. Kitu kibaya huenda chooni, kikaoze na ubaya wake.

Hilo ndilo kosa langu kubwa. Lile la goti nililifanya bila kujua. Hili nililifanya nikijua kwamba nikiigusa, yeye anahisi.

Hazikupita dakika tano.

"Mama, giza."

"Giza gani, mwanangu? Ni saa tatu asubuhi."

"Jicho hili. Naona giza, na kuna vitu vyeupe vinatembea. Vinakuja... vinaingia, Mama. Vinaingia kwenye jicho."

Nilimfunga kitambaa. Haikusaidia. Nilimkumbatia, naye akawa ananielezea kwa kunong'ona, kwa sababu akinyamaza ilikuwa vibaya zaidi. Aliona funza wanapanda. Aliona kilichokuwa kinaanguka kutoka juu kila mpangaji wa nyumba alipoingia chooni.

Nikaenda kumwita Hironimus, anayechimba na kuzibua vyoo mtaani kwetu. Alivunja sakafu ya choo pembeni, akafunga ndoo kwenye mti mrefu.

"Simu, eh, Mwalimu?" aliuliza. "Simu zenu zote mnazileta kwangu."

"Simu," nilimjibu.

Alichota hadi saa tisa alasiri. Ilipotoka, alimwaga ndoo chini, akaitazama, akaacha na ndoo yake na mti wake, akaenda. Hakudai hela. Mpaka leo hajaja kuchukua ndoo.

Niliiosha mimi. Beseni la kwanza, la pili, la tano. Maji ya vuguvugu, chumvi, pamba. Nilitoa funza mmoja mmoja kwa kibano kati ya kope na kope, na chumbani nilisikia Skola akilia kwa nafuu kila mmoja alipotoka. Mikono yangu ilinuka wiki nzima, hata niliposhika chaki.

Fainali ilipita. Hospitali walitazama jicho, wakasema halina kasoro, wakatoa matone.

Abasi alikataa kuigusa kadi. Lakini alikwenda ghalani kuulizia. Mlinzi wa pale alimkumbuka mzee mwenye macho mabovu. Alisema asubuhi iliyofuata jioni tuliyonunua alimwona anapita barabara ya Njombe, macho yamefunguka, meupe, bila tongo hata moja, anatembea mbio. Kila kibao cha duka anakisoma kwa sauti, silabi kwa silabi, anacheka.

Kadi tumeiweka dirishani, juu ya kitambaa safi, imeelekea milima ya Matogoro, ili jicho lile lione kitu kizuri. Kila alfajiri naisafisha matongotongo, kisha namsafisha mwanangu. Hailali. Kwa hiyo Skola naye halali. Amekonda, mifupa ya shingo imetoka. Juzi aliniambia anaiona milima vizuri mno sasa, kila siku vizuri zaidi, hadi mizoga iliyo chini ya majani na vinavyoila. Hawezi kumeza chakula.

Jana nilikuta simu yake mezani, haijafungwa. Alikuwa ameandika tangazo kwenye kundi la kuuziana vitu.

*Kadi ya picha, feni moja, safi, haijaungua. Bei poa. Mnunuzi aje achukue mwenyewe.*

Chini yake mtu alikuwa ameshajibu. Kijana wa Namtumbo, picha yake ina tabasamu, ana macho mazuri. *Ipo bado? Nakuja Jumamosi.*

Nilisoma mara tatu. Nilisikia Skola amesimama nyuma yangu, anasubiri niseme neno, kama watoto wanavyosubiri mwalimu asahihishe.

Niliiweka simu chini, kama nilivyoikuta, nikaenda kupasha maji.