Bisibisi Sikioni

Injini ile ililetwa ikiwa kavu, haina hata tone la oili, na bado ilinuka. Fundi alipofungua plagi ya kwanza, harufu iliyomjia ilikuwa ya marashi ya waridi, nzito na baridi. Aliinusa tena, akaguna, akaendelea na kazi. Laiti angeirudisha plagi ile palepale.

Watu walimwita Sikio. Wenye magari ya kale walimtafuta kutoka mbali awaambie injini yao ni ya gari gani, ni halisi au ya kuungaunga, na thamani yake ni ipi. Alisoma namba iliyogongwa kwenye bloku, akapima silinda, kisha akafanya lile lililompa jina: aliweka ncha ya bisibisi ndefu juu ya chuma, mpini sikioni, akasikiliza mambo ya ndani. Lakini siku hizi masikio yalikuwa yamekufa. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata hapa alikuwa mkewe, aliyeuza vipuri mlemle gereji. Mteja akizungumza, mke alisimama nyuma yake akirudia maneno kwa midomo tu, na mume akasoma.

Aliyeleta injini alikuwa mjane mwenye sauti iliyokauka ikawa mnong'ono. Hata mke wa Sikio ilimbidi amwinamie ndipo amsikie. Injini ilikuwa ya marehemu mumewe. Alitaka kujua ina thamani gani.

Mjane alipoondoka, Sikio aliifuta namba kwa kitambaa chenye petroli. Ililingana na kadi ya gari na haikuwa imeguswa. Silinda hazikuwahi kuchongwa tangu kiwandani. Mali ya aina hiyo fundi anaweza kuzeeka bila kuiona. Jua likiwa utosini, mkewe akiwa ametoka, aliweka bisibisi sikioni kwa mazoea tu, akazungusha krenki kwa spana.

Akasikia! Ringi zikiteleza, valvu zikiinuka na kukaa, kila kimoja mahali pake. Machozi yakamtoka. Akaacha kuzungusha, na ndani ya chuma kitu kikaendelea kupumua.

"Fundi," sauti ikasema taratibu, "nipe bei."

Mwingine angetimua mbio. Lakini Sikio aliondoa bisibisi akakuta anasikia kunguru juu ya bati na muuza maji mtaa wa pili, na furaha ile ikamfunga miguu.

Mjane aliporudi, Sikio alimdanganya, yeye ambaye hakuwahi kumdanganya mteja. "Mama, hiki ni chuma chakavu. Bloku si yake, namba imegongwa upya. Niachie tu."

"Haijakuambia kitu?" mjane alinong'ona.

"Injini haisemi, mama."

Mjane alimtazama mke wa Sikio kwa huruma, akaenda zake.

Kwa mke ilianza kama mafua, sauti ikikauka. Kila Sikio alipoisikiliza injini, masikio yake yalinoleka na sauti ya mkewe ikapungua, na yeye akajifanya haoni, hadi asubuhi moja mke alipofungua mdomo kumwita aje anywe chai, na Sikio, ambaye sasa alisikia saa ya ukutani ya jirani ikihesabu na panya wakikwaruza darini, akasikia ulimi wa mkewe ukigusa meno, akasikia pumzi ikipita, akasikia moyo wake ukidunda kwa hofu kama wa ndege aliyeshikwa, na asisikie neno hata moja.

Akamwita shangazi wa mkewe, mwanamke aliyezoea kutoa majini. Shangazi aliishia mlangoni.

"Nani amedanganya thamani ya injini hii?"

"Mimi, shangazi."

"Jini aliyemo umemficha kwa uongo, naye amekaa. Mwite mwenye mali, useme ukweli mbele ya chuma hicho. Ila alichokupa atakichukua."

"Masikio?"

"Sasa ulidhani nini, mwanangu?"

Aibu iliyoje, alichojibu! Alisema, "Niache basi hadi kesho."

Mkewe alikuwa amesimama hapohapo. Hakuwa na sauti ya kumlaumu; aligeuza uso ukutani. Roho ikamsuta Sikio, akamwita mjane bila kungoja.

"Nilikudanganya, mama. Bloku ni yake. Namba haijaguswa. Silinda hazijachongwa. Sijawahi kushika injini bora kuliko hii."

Kwa kila neno sauti za dunia zilirudi nyuma: kunguru, bati, kilio cha mjane. Marashi yakafumka gereji nzima, kisha yakakatika. Mjane hakutaka bei wala mnunuzi. Siku hiyohiyo injini ilipelekwa kwa wayeyushaji vyuma, na Sikio alisimama mbele ya tanuru hadi bloku ikawa uji mwekundu. Ilimuuma, lakini hakuondoka.

Nyumbani, midomo ya mkewe ilikuwa ikicheza. Sikio hakusikia kitu. Akaweka kiganja kooni kwake, taratibu, kama alivyozoea kugusa chuma, na koo likatetemeka. Mke alikuwa akicheka, akiita jina lake.

"Endelea, mama watoto," alisema huku akilia kwa furaha. "Usinyamaze."

Na katika sikio lile lililokufa, karibu kama mpini wa bisibisi, sauti ileile ya injini ikauliza:

"Fundi, na huyu je? Nipe bei."